Minara ya Taa Kwenye Ukuta wa Mama

Miaka ya sabini, nikifundisha darasa la tatu Ikutha, nilikuwa na kadi kumi na moja zenye picha za minara ya taa. Bahari yenyewe sikuwa nimeiona. Kadi hizo zilinijia kwa posta kutoka kwa bibi mmoja wa visiwa vya baridi huko Ulaya, binti wa mlinzi wa mnara, niliyempata kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu gazetini. Tulipatana kadi kwa kadi: yeye mnara, mimi ndovu wa kununua dukani Kibwezi. Nilijiona mjanja, maana ndovu sisi tunamjua kwa kutumalizia mbaazi.

Kila mnara niliustaajabia. Mawimbi yamepanda hadi dirishani, na humo ndani, aliniandikia, baba yake alikuwa akipanda ngazi na mafuta kila jioni kwa ajili ya watu asiowajua. Mama alizitazama akauliza, "Hii maji yote, hakuna mtu anachota?" Nikamwambia ni ya chumvi. Alisikitika kwelikweli.

Kadi ya kumi na mbili ilileta habari: bibi anahama, anwani mpya ni hii, ya zamani nisiitumie tena. Niliiacha mezani nikaenda shule. Niliporudi, minara yote ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa uji wa unga, vile kila nyumba kwetu ilivyobandika picha za magazeti. Mama alitaka kunifurahisha. Anwani ilikuwa nyuma ya ile kadi mpya, imegandamana na udongo wa ukuta.

Nilifoka. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mamake. Hasira hasara: nilipojaribu kuibandua kwa kisu, kona ikachanika.

 Mama alichukua panga, akaukata ukuta alioukandika kwa mikono yake, akatoa bonge la udongo pamoja na kadi hiyo, akaliweka kwenye karai. Kisha akamimina mtungi mzima wa maji. Ulikuwa mwaka wa kiangazi, na maji hayo alikuwa ameyachimba kwenye mchanga wa mto, akayabeba mgongoni asubuhi nzima. Udongo ukalainika, uji ukaachia, kadi ikaelea. Wino wa biki haukuwa umefutika.

"Inasomeka?"

Nikamsomea yote, nambari ya nyumba, barabara, kisiwa. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono inachuruzika matope. Nilimstaajabia kuliko minara yote kumi na miwili. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini alikuwa ameshachukua mtungi mtupu, anarudi mtoni.