Maji ya Kisima cha Marereni

Nikiulizwa ni kitu gani huwafanya vijana waendelee kuja kwenye klabu ya sayansi siku isiyo ya shule, hujibu upesi: vifaa, soda, matembezi. Nimejibu hivyo mikutanoni na watu wakaandika. Lakini namkumbuka msichana mmoja wa Marereni, na jibu langu lanitia haya.

Klabu yetu ilikuwa Mambrui, kila Jumamosi, katika darasa la kuazima. Mjomba wake alimleta kwa bodaboda, mbali kote huko, naye akashuka na chupa ya maji ya kisima cha kwao. Maji yale yalikuwa yameanza kukolea chumvi, na mamake alitaka kujua kama wadogo zake waendelee kuyanywa. Mimi nilikuwa na ratiba, nikaiheshimu kana kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni. Siku hiyo ilikuwa zamu ya sayari.

"Wiki ijayo, mwanangu," nilimwambia.

Wiki ijayo ikawa sumaku. Iliyofuata, darubini. Ya nne, betri. Chupa zake nne zikajipanga dirishani, na kipimo cha chumvi kimo kabatini, hata nailoni yake sijaibandua. Jumamosi ya tano hakuja. Nikajiambia vijana ndivyo walivyo, huchoka upesi. Uongo mtupu.

Pengo lake nililihisi vibaya. Wenzake waliuliza kama soda zimefika. Yeye peke yake ndiye aliyekuja na swali. Mwishowe nilichukua kile kipimo nikaenda kwao.

Nilimkuta uani. Alikuwa amepanga sahani za bati juani, kila moja na maji ya kisima tofauti, vile wanavyokausha maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi anakofanya kazi babake. Yakishakauka, alikwangua chumvi iliyobaki na kulinganisha. Vijana sita wa jirani walikuwa wameinama naye, wakibishana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea kipimo."

Alikipokea kwa adabu, akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Ahsante. Kisima cha kwetu tushajua, maji yake hayanyweki. Sasa twatafuta kilicho karibu chenye maji mazuri."

Nilikaa kivulini hadi adhuhuri. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipoaga, nilitamani mno aniambie nije tena Jumamosi.

"Safari njema, mwalimu," alisema, akarudi kwa wenzake.