Aliyeondoka na Dobi Wangu

Mume wangu ni dobi. Nasema ni, sisemi alikuwa, kwa sababu yuko hai na mikono yake mizima. Ila mikono hiyo haipo hapa nyumbani. Iko kwa mtu.

Nilimpata hospitalini, mimi nikiwa mfagiaji wa wodi. Sare zetu zilifuliwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya jiko, na mwenye kibanda alikuwa yeye, kijana mwembamba aliyejifunga kitambaa kwenye paji la uso ili jasho lisidondokee nguo za watu. Sare za wenzangu zilirudi zimekakamaa kwa wanga kama mbao. Yangu ilirudi imenyooka na bado laini, kola imelala shingoni kama imezaliwa pale. Nikaenda kumuuliza.

"Wewe, mbona yangu unaifanya tofauti?"

Hata kichwa hakuinua. "Za wenzako nanyoosha ziende kazini. Yako nanyoosha urudi hapa."

Nikamwambia aache upuuzi wake. Kesho yake nikampelekea sare safi, nikamwambia ni chafu.

Tulipooana kitu cha kwanza tulichonunua kilikuwa pasi. Si kitanda, pasi. Ni ile ya mkaa, nzito, yenye jogoo mdogo wa shaba juu, wa kufungia mfuniko. Na siku hiyo hiyo akaweka sheria yake: mimi nisiishike. "Mke wa dobi akionekana anapiga pasi," alisema, "watu watauliza dobi amekufa lini." Basi mimi sijapiga pasi maisha yangu yote. Nakuambia kweli, sijui hata inashikwaje.

Nilikuwa namtazama tu. Kwanza anapuliza majivu, akiipa nguo mgongo isichafuke. Halafu analowesha kidole kwa mate, anagusa chini ya pasi, tsss, anajua. Anaanza na kola kwa ndani, mabega, mikono, mgongo, na mbele mwisho, maana mbele ndiko mtu anakotazamwa. Akiwa kazini hasemi na mtu. Ukimsemesha anaitikia kwa pua. Nyumba ingeweza kuwaka moto, angemaliza pindo kwanza.

Siku moja mkubwa mmoja wa serikali alilazwa pale hospitalini. Siku ya kutoka akavaa shati lake, akajitazama kwenye kioo cha wodi, akauliza, "Nani kanyoosha hili?" Ndivyo mume wangu alivyofika Ikulu. Akamnyooshea rais mashati miaka yote ya utawala wake. Huko walimpa pasi za umeme zenye kila kitufe, akazikataa, akabeba ile ya kwetu. "Ya umeme haina uzito," alisema. Sikununa. Jioni alirudi nyumbani ananukia sabuni na mkaa, nami nikalala vizuri.

Sasa rais muhula wake ukaisha. Akapunga mkono, akashuka ngazi, akaenda kukaa kwenye nyumba yake kule mlimani, safari ya asubuhi nzima kwa basi. Sheria ya nchi inasema rais mstaafu apewe walinzi, dereva, mpishi na dobi mpaka afe. Mimi nikadhani dobi atakuwa mwingine.

"Ni kwa muda tu," mume wangu aliniambia, anakunja nguo zake. "Mpaka Mzee azoee."

"Azoee nini?"

"Kutokuwa rais."

"Na mimi nizoee nini?"

Akakunja suruali nyingine, akasema, "Si uje tukae wote? Kuna vyumba vya wafanyakazi, vina maji ndani."

Nikasimama. "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na serikali. Mguu wangu hautaingia kwenye geti la mtu yule." Nililisema nimesimama, na neno nililolisema nimesimama silitengui nikiwa nimekaa. Akaenda na pasi yake.

Likizo anakuja, anakuja na pasi kwenye kikapu kama mtu anayesafiri na kuku. Ananyoosha magauni yangu yote, mapazia, kitambaa cha meza, mpaka leso. Kisha anaondoka, na nguo nazo zinaanza kujikunja moja moja. Mimi nazivaa hivyo hivyo. Mjukuu wangu, binti wa binti yetu, ni karani mahakamani na anakaa nami. Aliona aibu akaninunulia pasi ya umeme. Nikashukuru, nikaiweka chini izuie mlango usijifunge.

Jirani yangu tunamwita Mama Redio, kwa kuwa habari anazijua kabla ya waliozifanya. Huyo hana breki mdomoni.

"Shoga, hilo gauni limelaliwa na ng'ombe?"

"Limelala na mimi peke yangu," nilimjibu. "Ndiyo shida yake."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaingia ndani.

Basi ndipo yakaanza kutoka mambo ya yule Mzee. Eti alipokuwa madarakani aliwagawia wakwe zake msitu wa serikali. Wabunge wakapandisha hasira. Mchana mmoja Mama Redio akaingia kwangu bila hodi, mjukuu wangu akiwa anakunywa chai.

"Wanataka kumwondoa!"

"Nani?"

"Yule wako wa mlimani!"

"Si ameshaondoka?"

"Hapo hapo ndipo wanapobishana!"

Nikamgeukia mjukuu wangu. Akaweka kikombe chini, akanieleza taratibu. Katiba inasema Bunge linaweza kumwondoa rais aliyevunja sheria. Wabunge wengine wanasema imeandikwa rais, na huyu si rais tena, sasa utamfukuzaje mpangaji aliyekwisha kuhama? Wengine wanasema hapana, ikiwa hivyo kila mwenye makosa atachungulia, akiona kura inakuja anatoka zake mlangoni, na hakuna wa kumgusa.

"Na akiondolewa, wanapata nini, na mtu hayupo?" niliuliza.

"Anavuliwa heshima za ustaafu, bibi. Nyumba ni yake, atabaki nayo. Lakini walinzi wanarudishwa, na dereva, na mpishi, na..." Akashika tena kikombe chake.

"Malizia."

"Na dobi, bibi."

Kuanzia siku hiyo mimi nikawa mwanasiasa. Msitu wenyewe sijauona, na wakwe zake siwajui. Wangemshtaki kwa kijiko cha Ikulu ningeshangilia vilevile. Nikaanika godoro juani, upande wake. Nikafua foronya yake ambayo hakuna aliyeilalia. Nikanunua mkaa, nikauchagua vipande vigumu visivyotoa cheche, kama apendavyo. Nilijikuta nasikiliza hatua za watu njiani, nikitafuta zile za kuburuta kidogo mguu wa kushoto, maana amesimama sana maishani.

"Usijipe moyo, shoga," Mama Redio aliniambia. "Aliyetoka katoka."

"Hajatoka. Mtu akitoka kazini anaacha vya kazini. Huyu kaondoka na mume wangu. Sasa huyo katoka wapi?"

Mjukuu wangu akacheka. "Bibi, hoja hiyo bungeni hawajaifikiria."

"Wapelekee."

"Wataniuliza ni kifungu gani."

"Waambie kifungu cha kitanda."

Siku ya kura Mama Redio alileta redio yake kwangu, akaiweka juu ya meza, tukakaa sote watatu. Wabunge walisema, wakasema. Mmoja alisema kwa uchungu mzuri mpaka nikampenda. Mwingine alisoma maneno marefu ya sheria, na mjukuu wangu akawa anaitikia kwa kichwa kuwa ni kweli, nami nikamkanyaga mguu. Kisha wakahesabu. Spika akatangaza: Bunge hili halina mamlaka ya kumwondoa mtu asiyeshika madaraka. Shauri limefungwa.

Mama Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaizima redio mwenyewe.

"Pole, shoga," akasema.

Hiyo pole ndiyo iliyoniumiza. Afadhali angenicheka.

Nikaenda chumbani, nikafungua kabati. Magauni yote yalikuwa yamejikunja, lile la bluu hasa, alilokuwa akilipenda. Nikayatia yote kwenye sanduku. Mjukuu wangu akasimama mlangoni.

"Bibi, unahama?"

"Napeleka nguo kwa dobi."

Nikapanda basi alfajiri iliyofuata. Nilipofika kwenye lile geti, mlinzi alikuwa ameegemea ukuta anapiga miayo. Inaonekana hawapati wageni.

"Mama, una miadi na Mzee?"

"Sina haja naye. Niitie dobi. Mwambie yule wa sare safi amekuja."

"Ingia basi ukae kivulini."

"Siingii. Nitolee kiti."

Akanitazama, akaona mtu mwenyewe ni wa namna gani, akanitolea kiti.

Mume wangu akatoka na kitambaa chake kwenye paji la uso. Amekonda. Mvi zimeshuka mpaka kwenye ndevu. Alilitazama sanduku, akalitazama gauni nililovaa, akashika kichwa.

"Umepanda basi hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo. Wote wameona kwamba mume wangu hayupo."

Aliingia ndani, akarudi na meza, blanketi na pasi yetu, ikifuka moshi. Akaweka meza nje ya geti, kando ya barabara, kwa kuwa alijua sitaingia. Akapuliza majivu, akagusa kwa kidole, tsss. Kola kwa ndani, mabega, mikono. Nikamtazama. Watu walipita wakatushangaa, na mimi sikuwaona. Kama kuna kitu nilichokuwa nimekikosa muda wote ule ni kile tu, kukaa kwenye kiti nikimtazama mtu huyu akinyoosha nguo zangu bila kunisemesha.

Alipofika kwenye gauni la bluu nikavunja mwiko wa kazi yake, nikasema.

"Bunge limesema Mzee wako hawezi kuondolewa, kwa kuwa ameshaondoka."

"Nimesikia."

"Wewe unasemaje?"

Akaendelea kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini, akichungulia getini, "Hajaondoka. Kila asubuhi anavaa shati jeupe na suti na tai. Anakaa sebuleni, miguu pamoja, kama anasubiri gari la kazini. Simu hailii. Mchana anavua, ananipa shati, ananiambia, dobi, kesho nitengenezee lile la mistari. Basi. Nikiondoka mimi, atavaa kilichojikunja. Siku hiyo ndiyo atajua."

"Kumbe ni wewe unayemweka madarakani."

Akatabasamu kwa upande mmoja. "Mkubwa kweli mimi."

"Basi Bunge halikuweza. Wewe unaweza."

"Nitamuumiza, mama. Ni mtu mzima. Hana mwingine anayemwuliza kesho utavaa nini."

"Na mimi je?" nilisema. "Mimi nani ananiuliza?"

Aliinua kichwa akanitazama. Sikuwa nimewahi kumwona akiinua kichwa pasi ikiwa juu ya nguo. Alinitazama kama anatafuta kitu usoni pangu alichokiacha zamani, nami nikamwacha atafute. Tukakaa hivyo mpaka harufu ikatushtua sote wawili.

Akainyakua pasi. Mgongoni mwa gauni la bluu palikuwa na alama ya kahawia, ina ncha mbele na kitako nyuma, pasi kamili. Mtu huyu hakuwa amewahi kuunguza nguo ya mtu. Si hospitalini, si Ikulu, si popote. Mlinzi alitoka kuangalia, akaona uso wake, akarudi ndani kimya.

Alisimama akiitazama alama ile muda mrefu. Kisha akamwaga makaa kando ya barabara, akayanyunyizia maji, akafunga mfuniko, akageuza jogoo wake wa shaba. Akaivingirisha pasi kwenye blanketi, ikiwa bado ya moto, akaniwekea mapajani.

"Tangulia nayo," akasema.

"Na wewe?"

"Kabatini kwake kuna mashati niliyokwisha kuyanyoosha. Siwezi kumwacha bila kitu, siwezi. Yakiisha hayo, nitamwambia, Mzee, pasi iko kwetu. Nitakuja."

"Si kuna zile za umeme?"

"Hazina uzito. Mwenyewe anajua."

Alinibebea sanduku mpaka kituoni. Basi lilipoondoka alibaki amesimama, mikono imening'inia haina cha kushika.

Pasi ilikuwa bado na joto mapajani mwangu tulipokuwa tukiteremka mlima. Sasa iko dirishani, jogoo ametazama njia. Magauni aliyoyanyoosha nimeyatundika, siyavai, nisije nikayakunja. Ninalovaa ni lile la bluu.

"Shoga!" Mama Redio alipiga kelele aliponiona kwa nyuma. "Na sasa limeungua!"

"Limepigwa pasi na mume wangu," nikamwambia, nikapita.

Mjukuu wangu kila jioni ananiuliza, "Bibi, bado?" Namwambia bado. Mkaa upo, mkavu, godoro nimeligeuza tena. Kosa langu ni moja, nilipokuwa kule sikumuuliza mashati yenyewe ni mangapi. Na rais, jamani, huwa na mashati mengi.