Sauti Kama Yangu

Binti yangu anashona makochi, na mtaani wanamwita Fundi Makochi. Mpe kiti kilichochakaa, atakirudisha kama kimetoka dukani. Mwaka juzi alipata ugonjwa wa akili, akawa hali wala halali, anajibizana na ukuta. Akapewa dawa, akatulia, akarudi kazini. Tangu hapo kazi yangu ni kumchunguza. Akinyamaza nashtuka, akicheka nashtuka.

Kwa hiyo mdogo wangu alipoleta tiketi za mchezo wa kuigiza kuhusu mgonjwa wa akili, sikutaka.

"Dada, mwache mtoto atoke," akasema. "Unamfungia kabatini kama shuka za wageni."

Tukaenda watatu. Binti yangu alipokaa tu, akabonyeza kiti.

"Sponji imekufa hii, mama mdogo. Wamevisha kitambaa kipya juu, basi."

"Umekuja kutazama mchezo au kukagua viti?"

Nikacheka nao.

Jukwaani mgonjwa akaanza kusikia sauti. Zilitoka kwenye spika kubwa, zikinguruma, naye akaziba masikio na kugaagaa sakafuni. Watu wakalia. Mimi mchezo sikuuona vizuri, nilikuwa namtazama mwanangu. Macho makavu. Akapiga mwayo. Nikasema moyoni, huyu amepona, ugonjwa sasa ni wa watu wengine.

Tulipotoka nje, mdogo wangu bado anafuta machozi, nikamuuliza binti yangu ameuonaje.

"Wametia chumvi," akasema. "Sauti haingurumi, mama. Inaongea taratibu tu. Jana imeniita nikiwa napigilia misumari, nikaitikia."

"Jana?"

"Si kila siku. Na siwezi kuiogopa, maana ni sauti yako wewe. Inaniita mama, kama unavyoniita wewe."

Nikamsogelea. "Inakwambia nini?"

Akamtazama mama yake mdogo, kisha akanishika mkono. "Mambo ambayo wewe huwezi kuniambia. Twende, kuna baridi."

Tulirudi kwa daktari, akabadilisha dawa. Bado tunasubiri.

Siku hizi chakula kikiiva simwiti kutoka jikoni. Naweka mwiko chini, naenda mpaka mlango wa karakana yake, nasubiri ainue uso aione midomo yangu, ndipo nimwite. Akiwa amenipa mgongo, nasimama pale kimya mpaka ageuke, hata chakula kipoe.