Spika Mbili za Upande wa Akina Mama

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamjibu darasa la pili, halafu baba akanitoa nikachunge. Akanitwisha bunda la waya, akasema waya hauulizi cheti. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke na migomba yangu kule Meru. Ninyi wenye vyeti mnaosoma haya, jueni kazi hii niliipata kwa mikono na kwa aibu, na wengi wenu nawazidi.

Duka letu la redio lilikuwa mjini Arusha, enzi za Mwingereza. Mwenye amri alikuwa Meneja, Mzungu. Mwenye kujua kazi alikuwa Fundi Mkuu, Mhindi mpole. Tulifunga vipaza sauti kwenye mabaraza ya Bwana DC, sokoni Ngaramtoni, na makanisani.

Mashine ya kukuza sauti, amplifaya, ilikuwa moja, yenye taa za kioo ndani zinazowaka kama makaa. Spika zilikuwa nyingi, zile za mdomo wa tarumbeta. Kila spika ina ukinzani, yaani inavyouzuia umeme usipite ovyo, nao hupimwa kwa omu. Zetu zilikuwa za omu kumi na tano, na mashine ilitaka kuona kumi na tano hizo hizo, hata spika ziwe ngapi. Kwa hiyo Fundi Mkuu aliunga mbili kwa kufuatana, umeme utoke ya kwanza uingie ya pili, zikawa thelathini. Mbili nyingine vilevile. Kisha jozi hizo akaziweka sambamba, zikarudi kumi na tano. Mimi niliona anazungusha waya bure.

Mwaka wangu wa pili, mchungaji mzee aliyebatiza nusu ya watu wa upande wetu wa mlima alikuwa anastaafu na kuwaaga waumini. Alikuwa anaugua koo, sauti ikabaki ya kunong'ona. Ibada iliwekwa uwanjani kwa sababu kanisa lisingetosha. Mama yangu naye alibatizwa na mikono ile. Nikamwambia, "Mama, kaa popote. Baraka utaisikia kwa sauti yake mwenyewe. Anayefunga vipaza sauti ni mimi."

Wakaja watu kuliko tulivyotegemea. Akina mama walikaa upande wao, wakajaa mpaka kwenye migomba, mbali na spika zetu nne. Fundi Mkuu alikuwa anashughulika na jenereta. Nikachukua spika mbili za akiba, nikaziunga kila moja sambamba na zile nne. Sikumuuliza mtu. Mimi nimekulia kwenye mfereji: ukitaka maji yafike shamba la chini unachimba tawi jingine, kila mmoja anapata kidogo, na mfereji wenyewe haudhuriki. Nikadhani sauti nayo ni hivyo.

Nyimbo zilikwenda vizuri. Mama akanipungia mkono kutoka kwenye migomba. Kisha mchungaji akasimama kutoa baraka, akasema, "Wanangu," na mashine ikatoa harufu ya kuungua. Moshi, halafu kimya.

Fundi Mkuu aliufuata waya kwa kidole mpaka kwenye fundo langu. Nikamweleza habari ya mfereji.

"Mfereji unagawa maji yaliyopo," akasema. "Hii haigawi. Kila njia unayoongeza inaivuta itoe zaidi. Umeivuta mpaka imekufa."

Mashine ya pili hatukuwa nayo. Mchungaji akaendelea na sauti ile ile iliyombakia. Waliokaa mbele wakageuka kuwaambia wa nyuma yao kwa Kimeru, nao wakageuka, safu kwa safu. Baraka ilifika kwenye migomba mchungaji akiwa ameshaketi.

Nilimfuata mama, nikamwamkia, nikamuuliza kama imefika.

"Imefika. Jirani ameniambia." Akafunga kanga yake. "Sauti yake sikuisikia."

Mchungaji tulimzika kabla kahawa haijaiva.

Dukani Meneja alitaka kujua nani kaunguza. Wenzangu walishaisingizia jenereta. Nikasema ni mimi. Akataka nifukuzwe siku ile ile.

"Nikimleta mwingine ataiunguza tena," Fundi Mkuu akamwambia. "Huyu hataiunguza."

Sikuiunguza. Nilihamishiwa Moshi, nikarudi Arusha, nikawa fundi mkuu mwenyewe, mpaka macho yaliponinyima kuona waya mwembamba nikastaafu. Mama aliishi miaka mingi. Kila nilipofunga spika karibu na kwetu alikuja, akakaa chini ya ile ya mwisho kabisa. Nilianzia kupima sauti pale alipokaa.

Siku ya kumzika nilikataa kusaidiwa. Spika tisa: tatu tatu kwa kufuatana, kisha mafungu hayo matatu sambamba. Zinarudi kumi na tano. Nilipima mara mbili, nikaenda kusimama nyuma kabisa kwenye migomba, na jina lake nikalisikia.