Goti la Dirishani

Wateja walimwita Bi Pindo, maana pindo alilolishona yeye lilinyooka kama limepigwa rula. Tangu shule alivaa miwani mizito, lakini akikaa kwenye cherehani aliivua. Vitu vya karibu aliviona vizuri, hata uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Vya mbali ndivyo vilivyomshinda. Kwa miaka sita, kila alipoinua kichwa kupumzisha shingo, aliona kitu cheupe kwenye dirisha refu la ghorofa ya kwanza, ng'ambo ya barabara. Shuka limeanikwa, alijisemea, akaendelea kukanyaga cherehani.

Alipotimiza miaka thelathini na mitano, miwani ikamchosha. Akaenda kufanyiwa upasuaji wa leza. Ulichukua dakika chache tu: taa ndogo ya kijani, harufu kama ya nywele zilizoungua, na sauti ya daktari ikimwambia atulie. Akarudi nyumbani na vikinga vya plastiki usoni, macho yanawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Dada yake alimtia matone ya dawa siku tatu nzima.

"Ukiyafikicha tu," alimwambia, "nakufunga mikono."

Siku ya nne asubuhi Bi Pindo akafungua chumba chake cha kushonea. Ufa wa ukutani, vumbi juu ya rafu, mishipa ya mikono yake mwenyewe, vyote vilimrukia machoni. Akaketi, akashona kidogo, kisha akainua kichwa.

Shuka lilikuwa na uso.

Alikuwa mzee wa shati jeupe, ameketi kitini, kimya kama picha. Hakutazama barabara wala magari. Alimtazama yeye. Saa sita bado alikuwa anamtazama. Saa kumi, vilevile.

"Dada, hebu njoo. Unamwona yule?"

Dada yake, ambaye naye alihitaji miwani ila hataki kusikia habari hizo, akakunja uso. "Naona shuka."

Kesho yake alikuwa na miadi kliniki. Akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, halafu akauliza kwa aibu kama macho mapya yanaweza kuona mtu asiyekuwepo.

"Kwenye taa utaona maduara ya mwanga kwa muda," daktari akasema. "Lakini mtu? Leza haiongezi watu, mama."

Kutoka kliniki hakwenda kazini. Alivuka barabara, akapanda ngazi. Kabla hajamaliza kupiga hodi, mama mmoja akafungua mlango.

"Karibu, fundi," akasema, kama aliyekuwa akimngoja. "Baba amepooza mwaka wa sita huu. Hasemi, hageuki. Tukimtoa dirishani analia."

Mzee hakugeuka kweli. Macho yake yalikuwa ng'ambo, kwenye kiti kitupu cha Bi Pindo. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa ukienda: kisigino, vidole, kisigino, vidole, ukisita kidogo pale ambapo Bi Pindo husita akigeuza kona ya kitambaa.

"Alikuwa fundi cherehani?"

"Hajawahi kushika sindano. Alikuwa karani wa posta." Yule mama akashusha sauti. "Wewe ukishona, mguu unatulia. Ukiinuka, anaendelea yeye. Siku zile tatu ulipokosekana haukusimama hata usingizini." Akaonyesha kisigino. Kilikuwa kimefungwa bandeji, na bandeji ilikuwa imeloa damu.

Bi Pindo alishuka ngazi mbiombio, akarudi chumbani kwake. Akakata kitambaa kizito cha pazia, akakishona papo hapo. Aliposimama ili alitundike dirishani, aliona waziwazi, ng'ambo ya barabara, goti la mzee likianza kupanda na kushuka.

Akaketi. Akakanyaga mpaka likatulia.

Pazia hakulitundika. Lakini siku hizi chakula cha mchana hula palepale kitini, mguu mmoja kwenye kanyagio, na wateja wakimshangaa huwaambia ana kazi nyingi.