Tanzia Aliyoifungua Wifi Yangu

"Hivi wifi yako siku hizi anahubiri nyumba kwa nyumba, au anauza sabuni?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu, huyu tunayemwita Bi Redio. Wiki nzima alikuwa amemwona akipita na jua lote, viatu mkononi, akigonga milango ya watu. Nilicheka tu.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni karani. Miaka kumi na tisa sasa anaandikisha familia zilizoikimbia serikali ya nchi yao zikaja kujificha huku kwetu. Anaandika majina, umri wa watoto, na mahali wanapokaa. Hapo kwenye mahali hana mpinzani: "Mlango wa kijani, nyuma ya kinyozi, mbwa mkali ila kafungwa." Ukishika maandishi yake hupotei.

Ofisini kwao wana utaratibu wao. Zamani walimtania dereva asubuhi, kumbe mwenzao kafiwa na mama. Waliona aibu sana. Tangu hapo tanzia ikiingia kwenye kompyuta, karani anaifungua kabla ya kazi yoyote, kisha anapita vyumbani kuwaambia wenzake.

Basi ikaingia tanzia, mama wa mlinzi amefariki. Akaifungua. Picha ya marehemu haikutokea, kompyuta ikamwomba neno la siri, akaliandika. Halafu huyo, mbio getini.

"Pole sana, kaka. Mungu ampumzishe mama."

"Mama yupi? Nimemwacha anafua!"

Ofisi nzima ilicheka mpaka machozi. Mlinzi naye akawa anasema, "Mmemzika mama yangu na povu mikononi!" Hakuna aliyejiuliza ile tanzia kaileta nani.

Siku ya kumi na moja baada ya tanzia ile, baba mmoja wa kwenye orodha alitoka kununua mkate, hakurudi. Mkewe akasema jana yake watu wawili walipita wakiulizia kinyozi, na wote wawili wana upara.

Ndipo akaitwa mtaalamu wa kompyuta. Akasema tanzia ile imetengenezwa na kikosi cha serikali ile ile waliyoikimbia wakimbizi wale, na kwa lile neno la siri orodha yote imechukuliwa. Ni watu wanaoamka, wanavaa vizuri, wanaenda kazini kuvunja kompyuta za wenzao.

"Na chai wanakunywa saa nne kama sisi?" wifi akauliza.

"Wanakunywa, mama."

Mtaalamu akawaonya pia wasimpigie mtu simu, huenda nazo zinasikilizwa. Gari la ofisi nalo linajulikana. Kwa hiyo wifi akaanza kutembea. Nyumba hamsini na nane. Hamsini na saba zimeshahama.

Imebaki moja, ya fundi cherehani, mama mwenye mabinti wawili. Huyu kasikia maneno yanayozunguka, kwamba karani ndiye aliyewauza. Wifi amegonga siku tatu. Anasikia mtoto akikohoa, halafu anazibwa mdomo. Akapenyeza karatasi chini ya mlango, ikasukumwa nje. Juzi fundi akasema kutoka ndani, "Unataka nitoke ili wanikamate njiani, sio? Nenda zako, muuaji."

Polisi wameambiwa. Wanasema watakuja.

Leo mchana wifi ameingia jikoni kwangu bila hodi, akakaa sakafuni. Wale wenye upara amewaona tena, mitaa miwili tu kutoka kwa fundi, wanamuuliza muuza vitambaa wapi wapate mtu wa kuwashonea suruali. Nikampa maji, hakuyanywa. Nikamwambia tuombe kwanza. Akaanza, "Ee Mungu," akaishia hapo hapo, akageuka kuutazama mlango. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vidole havionekani vizuri. Nikalivuta beseni nimwoshe, akanishika mkono.

"Wifi, sauti yangu anaijua. Vaa viatu twende sasa hivi, ugonge wewe."