Blauzi ya Rangi ya Ugoro

Mama Rangi alimchukia msimamizi wake kuanzia utosini mpaka kisiginoni, na kila mfagizi wa jengo lile alijua. Asiyejua alikuwa msimamizi mwenyewe. Yule alidhani watu wote wanamwogopa, na kuogopwa kulimtosha. Wafagizi walimwita Sajini akiwa hayupo, na Mama Msimamizi akiwepo.

Jina la Mama Rangi nalo lilikuwa la kazini. Hakupewa bure. Mama yake mzazi alikuwa dobi, na yeye alikulia chini ya kamba za nguo za watu. Wenzake wakicheza, yeye anaanika. Akianika shati jekundu bega kwa bega na jeupe, anazabwa kofi, maana nyekundu ikichuja nani atalipa? Basi akajifunza mapema rangi ipi ikae na ipi, kwanza kwa kofi, baadaye kwa macho. Aliona bluu iliyokolea ikianikwa kando ya kahawia, zote mbili zinachangamka. Aliona pinki na nyekundu zikiwekwa pamoja zinanuniana kama wake wenza. Mpaka anavunja ungo, alikuwa akiwajua wenye nguo kwa kamba tu, na alikuwa ameshawacheka wengi kimoyomoyo.

Ukubwani akapata kazi ya kufagia ofisi, jengo la ghorofa nne, akakaa hapo miaka kumi na moja. Nguo zake zilikuwa za mitumba, lakini usingejua. Alikuwa na masharti yake, na ole wako umbishie. Rangi zisizidi tatu. Moja itawale, ya pili isindikize, ya tatu ichungulie tu kwenye mkoba au kitambaa cha kichwa. Na iliyo karibu na uso ndiyo yenye kazi. Sketi ukikosea unasamehewa, kola ukikosea umeuharibu uso mzima. Yeye ni mweusi wa kung'aa, kwa hiyo juu alivaa manjano, chungwa, bluu kali, krimu, na akazikwepa zote zilizofifia kama anavyokwepa wadaku.

Kila Jumapili alasiri alipiga pasi seti tano, moja kwa kila siku ya kazi. Mumewe, fundi wa baiskeli, alizoea kusimama mlangoni na mikono yake ya grisi, akamtania.

"Leo umenitisha. Nimedhani nimeingia nyumba ya watu."

"Usiniguse, baba watoto. Na hiyo mikono yako."

Alitembea kwa miguu kwenda kazini, nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ilikuwa yake. Hapo katikati alikuwa mwanamke anayepita, kapendeza, watu wanamsalimu kwa adabu. Akifika anashuka stoo, anavua, anavaa sare, anashika ufagio. Jioni anarudi vilevile. Hakuomba zaidi ya hapo, na kwa hapo tu Sajini akamwandama.

Ilianza kwa mgeni mmoja na mwavuli. Asubuhi ya mvua, Mama Rangi aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na sketi ya damu ya mzee, blauzi ya krimu na kitambaa cha chungwa kichwani. Sajini alikuwa amesimama pale mapokezi na blauzi ya kijani ya kumetameta, sketi ya zambarau na mkanda mwekundu, yaani mtu mmoja ugomvi mtupu. Mgeni akaingia, akawatazama wote wawili, akampa mkono Mama Rangi. "Habari za asubuhi, Mkurugenzi." Kisha akageuka, akamkabidhi Sajini mwavuli unaochuruzika maji.

Dada wa mapokezi alicheka mpaka akajificha chini ya meza. Mama Rangi hakucheka, Mungu shahidi, lakini hakuwahi kusamehewa. Kesho yake tangazo likabandikwa mlango wa stoo: wafagizi wote watoke kwao wamevaa sare, warudi kwao wamevaa sare, atakayekaidi aage kabisa. Sare yenyewe ilikuwa na rangi ya maji ya kudekia, tena yale ya mwisho.

"Mama Msimamizi," Mama Rangi alimfuata, "miaka yote tunabadilisha hapahapa. Nani amedhurika?"

"Umekuja kufagia au kutafuta bwana?"

"Bwana ninaye."

"Basi akuone na sare."

Miezi minne wakatembea hivyo. Barabarani watu waliokuwa wakimpisha Mama Rangi sasa walimpita kama nguzo. Siku moja kijana aliyekaa kibarazani kwa watu alimwita, "Dada wa usafi, huku kuna taka," akamwonyesha kwa kidole cha mguu. Mama Rangi alimjibu neno ambalo halisemeki mbele ya watoto, akaendelea na safari, lakini alilia njia nzima kwa hasira. Na hakuumia peke yake. Kijiti, mama mmoja mfagizi wa ghorofa ya tatu aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alikuwa akimpeleka binti yake shule kila asubuhi kabla ya kuja kazini. Watoto walipoiona sare wakampa binti jina, Dekio, lile tambara la kupigia deki, na mtoto wa watu akaanza kukataa shule. Kijiti ndiye aliyekuwa rafiki wa Mama Rangi kuliko wote. Walikula pamoja mchana, wakamsema Sajini mpaka chakula kinapoa.

Halafu ikaja habari njema. Tawi la pili la ofisi, ng'ambo ya mji, lilitafuta mkuu wa utawala, na Sajini aliomba. Usaili ulikuwa Alhamisi. Msaidizi wake, mzee mpole asiyependa makuu, aliwaambia wafagizi bila kuficha: "Huyu akiondoka Ijumaa, mimi hilo tangazo nalichana Ijumaa hiyohiyo." Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeombewa dua kama Sajini. Waliomchukia walimwombea kuliko walivyowaombea watoto wao. Mumewe Mama Rangi naye akasema, "Mungu ampe cheo huyo mama, mpumue."

Jumatano mchana Sajini akamwita Mama Rangi ofisini kwake, akafunga mlango. Juu ya meza kulikuwa na mfuko wa nguo.

"Nasikia wewe unajua mambo haya," alisema, kama anayemtuhumu wizi. "Kesho nina shughuli. Nichagulie. Na mdomo wako uufunge."

Hakusema tafadhali. Mama Rangi akazitoa nguo, akazitandaza. Kulikuwa na sketi nyeusi na blauzi tatu: bluu iliyokolea, damu ya mzee, na moja ya rangi ya ugoro, ile kahawia isiyo kahawia, yenye ukijani ndani yake. Sajini alikuwa maji ya kunde, ngozi yenye umanjano kidogo chini ya macho. Mama Rangi hakuhitaji kufikiri. Akaichukua damu ya mzee, akamwekea chini ya kidevu, akamgeuza kwenye kioo cha ukutani.

Haki ya nani, yule mama alipendeza. Umanjano ulitoweka, macho yakang'aa, mashavu yakapata uhai. Alionekana kama mtu ambaye jengo lote ni mali ya baba yake. Mama Rangi mwenyewe alisahau kidogo anamvisha nani, maana kazi ikikaa sawa mkono hufurahi wenyewe.

Sajini alijitazama muda mrefu. Akatabasamu. Kisha akamtazama Mama Rangi ndani ya kioo, yeye na sare yake ya maji ya kudekia, wamesimama pamoja.

"Unaona sasa?" akasema. "Kweli watu hatulingani."

Mama Rangi alijua, tena vizuri sana, kwamba yule mama akipata cheo ataondoka. Alijua tangazo litachanwa. Alijua habari za Kijiti na binti yake. Vyote hivyo vilikuwa kichwani mwake, na juu ya vyote akaona lile tabasamu, akaona haiwezekani mwanamke huyu aende kupendeza kwa mikono yake. Afadhali sare. Akaivuta ile blauzi taratibu.

"Hii inakuzeesha, Mama Msimamizi."

"Inanizeesha? Mbona naona..."

"Kwenye kioo cha hapa. Nje kwenye mwanga utajuta." Akaichukua ile ya ugoro, akamwekea. Uso ukanyauka papo hapo. Midomo ikapauka, chini ya macho pakaingia kivuli, akawa kama mtu aliyetoka wodini akiwa bado hajaruhusiwa. "Hii sasa. Hii inaonyesha mtu mzito, mtulivu. Wakubwa wanapenda hivyo."

"Kweli?"

"Mimi nikudanganye ili iweje? Na usipake kitu mdomoni. Wataona huna makuu."

Sajini akakunja zile nyingine, akazirudisha mfukoni. Mama Rangi akatoka, akafagia ghorofa mbili huku anaimba puani. Kwenye ngazi akakutana na Kijiti anapanda na ndoo.

"Nimesikia kakuita. Umemvisha?"

"Nimemvisha."

"Umvishe kama bibi harusi, dada yangu. Aende zake. Mwanangu leo kanililia tena."

Wimbo ukakatika. Mama Rangi akaangalia saa ya ukutani, ilikuwa saa nane na nusu, na Sajini hutoka saa kumi na moja. Muda ulikuwepo wa kutosha. Akashuka mpaka mlango wa ofisi yake, akasimama, akanyoosha mkono kugonga. Aseme nini? Samahani, nimekosea? Angemwona tena akitabasamu kwenye kioo. Mkono ukashuka. Akaufuta ule mlango kwa kitambaa, kitasa na bawaba zake, ingawa ulikuwa msafi, akarudi juu.

Alhamisi Sajini akaenda usaili. Habari zilifika kabla yake, kupitia dereva aliyempeleka, ambaye alikaa nje ya chumba na masikio wazi. Mwenyekiti alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Wakamletea maji. Baadaye mama mmoja wa kwenye meza akamuuliza tena, kwa huruma, kama amekwenda kupima. Mwishowe wakamwambia kazi ile ina ngazi nyingi na safari nyingi, inataka mtu mwenye afya, na yeye ajitunze kwanza. Nafasi akapewa mwingine siku ileile.

Ijumaa asubuhi akawapanga wafagizi wote mbele ya stoo. Macho yake yalikuwa mekundu, na ile blauzi ya ugoro alikuwa ameivaa tena. Pengine aliamini bado inamfaa.

"Najua mlikuwa mnaomba niondoke," alisema. "Mzee pale nyuma, usijifiche, na wewe najua ulivyosema. Basi sikuondoka. Nipo, na nitakuwepo mpaka nistaafu, miaka sita." Sauti ikambadilika. "Mtu mmoja tu katika nyinyi ndiye aliyenisaidia. Nilimwita, akaja, akanichagulia nguo kwa moyo safi. Kuanzia Jumatatu, Mama Rangi avae atakavyo, aje atakavyo. Nyinyi wengine, sare."

Akaingia ofisini. Wafagizi walichukua ndoo zao mmoja mmoja, na kila aliyepita alimtazama Mama Rangi usoni kisha akatazama pembeni. Akabaki Kijiti, anakunja dekio lake polepole.

"Ile blauzi ndiyo aliyovaa jana?"

"Ndiyo."

"Nani aliichagua?"

"Aliichagua mwenyewe," Mama Rangi alisema. "Mimi nilimwonyesha nyingine, akakataa. Unamjua alivyo."

Kijiti akaacha kukunja.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe, Kijiti. Ningefanyaje?"

"Mwaka juzi nilikuwa nakwenda kumzika baba yangu," Kijiti alisema, na hakupaza sauti hata kidogo. "Machozi yananitiririka, gari linaningoja. Wewe ukanikimbilia mpaka getini na viatu mkononi, ukanivua kitambaa cha kichwa ukanifunga chako, kwa sababu changu hakiendani na gauni. Siku ya kumzika baba yangu hukuweza kuniacha. Leo unaniambia ulimwacha Sajini aende usaili na kitu kama kile, amechagua mwenyewe."

Mama Rangi alikuwa na maneno mengi, yule mama alivyomtazama kwenye kioo, alivyosema hatulingani, lakini kila neno akiligeuza aliona linaishia kwa yule mtoto anayeitwa Dekio.

Kijiti akaishika kola ya sare yake kwa vidole viwili. "Mimi Jumatatu nampeleka mwanangu shule na hii. Na Jumatatu itakayofuata. Miaka sita, amesema, si ndiyo? Atakuwa amemaliza shule." Akainua ndoo. "Wewe vaa ile ya manjano, dada. Tukuone vizuri."

Akapanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu, na mchana wa siku hiyo akala na wengine.